Cherehani ya kupindia kwa siri: kuiweka sawa na kutibu matatizo yake

Maswali kuhusu cherehani ya kupindia kwa siri, ile ambayo mafundi wengi wanaiita blaindi, ni yale yale kila siku. "Fundi, mashine yangu inatoboa mpaka nje." "Yangu haishiki kabisa." "Nimepinda suruali vizuri, mteja kavuta uzi mmoja, pindo lote limeachia." Na wengi wanaouliza huwa wameshafungua skrubu za ndani kabla ya kuuliza. Hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka kubwa, kwa sababu mashine iliyokuwa inahitaji sindano mpya tu sasa inahitaji kuwekwa upya tangu mwanzo.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: sindano, uzi, kina (sindano ichome kitambaa kiasi gani), mbano (nguvu ya miguu inayobana kitambaa), na lupa (chuma kinachoshika kitanzi cha uzi) mwisho kabisa. Usiruke. Ukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu.

Mashine ninayoizungumzia ni ile yenye sindano iliyopinda na mkono wa chini unaoshuka ukibonyeza leva kwa goti. Inaweza kuwa ndogo ya kubeba kama Consew 75T au US Blind Stitch 718, au ya mezani kama Juki CB-641, au moja ya zile nyingi zilizoigizwa kutoka kwao. Vitufe vinaweza kukaa mahali tofauti, lakini kazi ni moja. Kama unatumia cherehani ya kawaida ya zigizaga yenye mguu maalumu wa kupindia, mengi ya humu hayakuhusu. Hiyo ina bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, na sindano iliyonyooka.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi

Hakuna bobini. Uzi ni mmoja tu, na mshono ni wa mnyororo. Chini ya kitambaa kuna kipande cha chuma ambacho hapa nitakiita kisukumio. Kinainua kitambaa kidogo ili kifanye mgongo, sindano inapita kwa upande na kuchoma ule mgongo juu juu, kisha inatoka bila kufika upande wa nje. Lupa, yenye ncha mbili kama uma, inachukua kitanzi cha uzi na kukipeleka pale sindano itakapoingia tena. Basi. Ukielewa kwamba kisukumio ndicho kinachoamua sindano ichome kiasi gani, umeshaelewa nusu ya matatizo ya mashine hii.

Aliyezoea cherehani ya kawaida huchanganywa na jambo moja: hapa meno ya kusogeza kitambaa yako juu, na miguu ya kubana iko chini, kwenye ule mkono. Na nguo inaingia upande wa ndani ukikutazama wewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Sindano mpya, angalau tano, za aina ile ile inayotakiwa na mashine yako. Mashine nyingi ndogo zinatumia LWx6T, lakini usikisie. Soma kibati cha mashine au kitabu chake, au peleka sindano ya zamani dukani.

Uzi mwembamba. Uzi wa kawaida wa poliesta ulioandikwa 40/2 unafaa kwa vitambaa vizito tu. Kwa suruali za suti na magauni tafuta 60/2, au uzi wa nailoni usioonekana.

Bisibisi ndogo na kubwa, alenki, burashi, koleo ndogo ya kunasia uzi, tochi (ya simu inatosha), mafuta meupe ya cherehani, msasa laini kabisa, kioo kidogo au kipande cha vioo vya dirisha.

Na vipande vya kitambaa. Hili watu wanalipuuza. Huwezi kuweka kina kwa kutumia kanga iliyochakaa kisha ukashona suti ya sufu. Ukipunguza suruali ya mteja, kile kipande ulichokata ndicho cha kujaribia. Kiweke pembeni mpaka kazi iishe. Kama hukukata chochote, tafuta kitambaa chenye unene na ulaini uleule.

Umeme kwanza

Kama mashine imetoka Marekani, soma kibati cha mota kabla hujachomeka popote. Umeme wao ni volti 120, herzi 60. Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240, zote herzi 50. Mota ya volti 120 ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua. Inahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye mota. Mashine iliyotoka kiwandani nayo inaweza kuwa na mota ya fezi tatu, ambayo kwenye chumba cha duka chenye umeme wa fezi moja haitafanya kazi. Hapo badilisha mota.

Ukishabadilisha mota, hakikisha inazunguka upande sahihi. Tazama mshale kwenye gurudumu la mkono au karibu na mkanda. Mashine ikizunguka kinyume haitatengeneza mshono hata ukiirekebisha mwaka mzima, na nimeona watu wakifungua lupa kwa tatizo hili tu.

Hatua kwa hatua

1. Zima, chomoa waya, safisha. Shusha mkono wa chini kwa leva ya goti, piga burashi kwenye meno, kwenye kisukumio na kuzunguka lupa. Toa vipande vya uzi kwa koleo. Vumbi la ovaloki (mshono wa kufunga ukingo wa kitambaa usifumuke) likishindiliwa chini ya meno, kitambaa kinasogea kwa kusitasita, nawe utadhani ni mbano.

2. Tia mafuta. Tone moja kila tundu la mafuta, siyo kumwaga. Zungusha gurudumu kwa mkono ili yaenee. Usitumie mafuta ya kupikia wala mafuta ya injini. Yanaganda na kushika vumbi. Kama mashine ilikaa muda mrefu na ni nzito kuzungusha, mafuta ya zamani yameganda. Lainisha kwa mafuta ya taa kidogo kwa burashi, futa, kisha tia mafuta ya cherehani. Mafuta ya taa peke yake usiyaache humo.

3. Weka sindano mpya. Legeza skrubu ya kibanio cha sindano, toa ya zamani, angalia imekaaje. Mfereji mrefu wa sindano unatazama juu. Isukume mpya mpaka shina lake ligonge mwisho wa nafasi yake, ndipo ukaze. Sindano isiyofika mwisho ni chanzo kikubwa cha mishono kuruka, na kwa macho huioni kirahisi, kwa hiyo isukume kwa ncha ya bisibisi huku ukikaza. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima. Sindano ipite kwenye mfereji wake katika bamba la chuma la sindano bila kukwama kulia wala kushoto, na isiguse kisukumio.

Ukubwa: 70 au 75 kwa vitambaa vyepesi kama krepu na shifoni, 80 mpaka 90 kwa suti za kawaida, 100 kwa makoti mazito. Sindano nene kwenye kitambaa chepesi huacha alama ya shimo nje hata kama kina kiko sawa.

Ili kujua kama sindano ya zamani imepinda vibaya, ilaze kwa ubavu juu ya kioo. Inatakiwa kulala yote. Ikiinuka upande mmoja, tupa. Usijaribu kuinyoosha.

4. Pitisha uzi. Fuata njia ya mashine yako bila kuruka tundu hata moja, hata lile dogo linaloonekana halina kazi. Mwishoni pitisha uzi kwenye jicho la sindano ukitokea juu kwenda chini, na uache mkia wa kama vidole vinne.

5. Legeza tensheni, yaani mkazo wa uzi. Kwa mashine hii tensheni ni nyepesi sana kuliko ya cherehani ya kawaida. Anza imelegea, halafu kaza kidogo kidogo mpaka vitanzi vya mnyororo vilale vizuri juu ya pindo. Uzi ukivutwa kwa mkono utoke kwa upinzani mdogo tu. Ukikaza zaidi, kwa nje utaona vidoti vikivutwa ndani kama kidevu chenye kishimo, na utaanza kulaumu kina wakati kosa ni la tensheni.

6. Andaa pindo. Piga ovaloki ukingo, kunja kwa kipimo sawasawa, piga pasi vizuri. Pini ziwe chache na zielekee mahali ambapo hazitafika kwenye njia ya sindano. Pindo ambalo halikupigwa pasi linapanda na kushuka chini ya sindano, na hakuna kina kitakacholifaa.

7. Chagua namba ya leva ya kurukisha mishono (siyo ile ya goti), 1:1 au 2:1. Kwenye 1:1 sindano inachoma kitambaa cha nguo kila mshono. Kwenye 2:1 inachoma nguo mara moja, na mshono unaofuata unashika ukingo wa pindo peke yake. Kwa vitambaa vyepesi, laini na vya rangi moja tumia 2:1, maana alama zinapungua nusu. Kwa kitambaa kizito au chenye manyoya, 1:1 inashika imara zaidi. Baadhi ya mashine zina 3:1 pia. Mashine nyingine hazina leva hii kabisa.

8. Weka kina. Hapa tulia, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Rudisha nobu ya kina mpaka kiwango cha chini kabisa. Namba zilizochorwa kwenye nobu zisikudanganye. 3 ya mashine moja siyo 3 ya nyingine, na mashine ikichakaa hata 3 yake ya jana siyo ya leo. Zinakusaidia tu kukumbuka ulipokuwa.

Shusha mkono kwa goti, ingiza kipande cha majaribio kikiwa kimekunjwa vilevile kama nguo, upande wa ndani juu, na ukingo wa pindo ukigusa kidole cha kuongozea kilicho katikati ya bamba. Achia goti. Sasa, bila kuwasha mota, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha ya sindano ifike katikati, juu ya kisukumio. Mulika tochi. Sindano inapita juu ya kitambaa bila kugusa? Ndivyo inavyotakiwa kuanza. Ongeza kina kidogo sana, zungusha tena, tazama. Endelea hivyo mpaka sindano ianze kuokota nyuzi chache za mgongo wa kitambaa. Simama hapo.

Sasa shona kama urefu wa kiganja, toa, geuza upande wa nje, peleka dirishani. Taa ya dari haitoshi. Shika kitambaa ili mwanga wa mchana ukipige kwa upande. Ukiona uzi wenyewe, kina ni kikubwa kwa dhahiri. Rudisha. Ukiona vishimo visivyo na uzi, kina kimezidi kidogo tu, au tensheni imekaza, au sindano ni nene. Jaribu kulegeza tensheni kabla ya kugusa nobu. Nje kukiwa safi kabisa, usifurahi bado. Shika pindo na nguo, uvute polepole kama mtu anayeingiza mguu kwenye suruali. Likiachia sehemu, kina ni kidogo mno. Ongeza kiasi cha unywele.

Unachotafuta ni mahali ambapo nje ni safi na pindo limeshika kwa urefu wote. Kwenye sufu na kitambaa kizito nafasi hiyo ni pana na utaipata haraka. Kwenye satini na krepu ni nyembamba mno, na mara nyingine haipo kabisa mpaka uhamie 2:1 na sindano ndogo. Kitambaa cha namna hiyo kikikataa, pinda kwa mkono. Hakuna aibu yoyote, na nguo ya mteja itabaki salama.

Kina kinawekwa upya kila kitambaa kinapobadilika. Hata suruali mbili nyeusi zinazofanana zinaweza kuhitaji kina tofauti. Fundi anayesema "mimi yangu naiacha hapo hapo siku zote" anashona kitambaa cha aina moja, kama vile sare, au hatazami upande wa nje.

9. Shona nguo. Anza mbali kidogo na mshono wa ndani wa mguu, siyo juu yake, ili mwanzo na mwisho vikutane mahali pasipo na unene. Elekeza kitambaa, usikivute. Kukivuta kunapinda sindano, na sindano hii ikishapinda inaanza kugonga lupa.

Unapofika kwenye mshono wa pembeni, punguza mwendo au zungusha kwa mkono. Pale kitambaa kina tabaka nyingi, kisukumio kinakiinua zaidi na sindano inachoma ndani zaidi. Ndiyo maana watu wengi huona vidoti viwili vitatu kwenye mshono tu, kwingine kote pako safi. Usipunguze kina cha suruali nzima kwa ajili ya hapo. Fungua mshono kwa pasi, punguza kitambaa cha ziada ndani ya pindo, weka kitambaa juu yake na uligonge taratibu kwa nyundo mpaka lilale. Ndipo upite.

Ukizunguka mguu mzima, pitiliza mwanzo wako kwa sentimita 2 au 3.

10. Toa nguo kwa utaratibu. Zungusha gurudumu mpaka sindano itoke kabisa ndani ya kitambaa na ikae mwisho wa mwendo wake. Mashine nyingi zina alama kwenye gurudumu ya mahali hapo. Shusha mkono kwa goti, legeza uzi kama mashine yako ina kitufe cha kuachia, kisha vuta nguo moja kwa moja kwa mkupuo ili uzi ukatike na kitanzi cha mwisho kijifunge. Ukiitoa nguo sindano ikiwa katikati, au ukakata kwa mkasi ukaacha kitanzi wazi, huo mnyororo utafumuka kuanzia mwisho mpaka mwanzo kwa kuvutwa mara moja. Kwa nguo ya mteja mimi naongeza fundo dogo la mkono kwenye mkia wa uzi. Ni sekunde chache.

Kama umetumia uzi wa nailoni, usipige pasi kali juu yake bila kitambaa cha kukinga. Unalainika na kupoteza nguvu.

Makosa yanayorudiwa sana

Kuwasha mota kabla ya kuzungusha kwa mkono mzunguko mmoja baada ya kubadilisha kitu chochote. Kugonga kokote utakusikia kwa mkono kabla hakujavunja kitu.

Kukaza tensheni kila mshono unapoonekana mbaya. Kwenye mashine hii jibu mara nyingi ni kulegeza.

Kusukuma ukingo wa pindo ukapanda juu ya kidole cha kuongozea, au kuuacha mbali nacho. Sindano inatakiwa kushika nguo na ukingo kwa pigo moja. Ukiwa mbali, itashika nguo peke yake na pindo litaning'inia.

Kutumia sindano ya mashine nyingine kwa sababu "nayo imepinda". Sindano zilizopinda ziko za aina nyingi, na urefu na mpindo wake hutofautiana.

Dalili na tiba

Inatoboa mpaka nje kwa urefu wote. Punguza kina. Kisha hamia 2:1. Kisha sindano ndogo. Kama kwa kina cha chini kabisa bado inatoboa, kisukumio kimewekwa juu mno kuliko kawaida yake, na hapo ndipo skrubu ya mhimili wake inahusika. Weka alama kwa kalamu kabla ya kuilegeza.

Alama ziko upande mmoja wa mgongo tu, au sindano inachoma zaidi inapoingia kuliko inapotoka. Kisukumio hakiko katikati ya mwendo wa sindano, au mguu mmoja wa kubana una springi iliyolegea kuliko mwenzake. Angalia springi kwanza: shusha mkono, bonyeza kila mguu kwa kidole, usikie kama zinarudi kwa nguvu sawa.

Inashika mshono mmoja, inaacha unaofuata. Tazama leva ya kurukisha mishono. Iko kwenye 2:1. Hili ni swali linaloulizwa mno na jibu lake ni hilo tu.

Mishono inaruka ovyo bila mpangilio. Badilisha sindano, hata kama ni mpya. Pitisha uzi upya. Angalia kama uzi ni mnene kuliko jicho. Kisha angalia mbano: kitambaa kikiwa hakijabanwa vizuri kinapanda na sindano, na kitanzi hakifunguki kwa lupa. Ongeza mbano kidogo, hasa kwa vitambaa vyepesi. Jezi na vitambaa vinavyovutika vinaruka zaidi. Sindano yenye ncha ya mviringo, kama inapatikana kwa aina ya mashine yako, husaidia sana.

Haitengenezi mshono kabisa. Uzi umepitishwa kinyume kwenye jicho, sindano imegeuzwa, au mota inazunguka kinyume. Ukishahakikisha hayo matatu, ndipo uende kwenye lupa.

Uzi unakatika. Uzi wa zamani uliokaa juani hukatika wenyewe. Uvute kwa mikono kati ya vidole ujue. Kama uzi ni mzima, pitisha uzi wa pamba kwenye jicho la sindano, kwenye ncha za lupa na kwenye mifereji ya bamba. Ukinasa mahali, pana mkwaruzo. Usugue kwa msasa laini mpaka usinase, ufute unga wake wote. Lupa isuguliwe kidogo tu. Ukipunguza umbo lake haitashika kitanzi tena.

Sindano inavunjika. Ama inagonga kisukumio kwa sababu kina kimepandishwa mno, ama kitambaa kinavutwa, ama kibanio hakijakazwa. Baada ya sindano kuvunjika, tafuta vipande vyote. Kipande kilichobaki ndani kitavunja nyingine, na kilichobaki kwenye pindo kitamchoma mteja.

Pindo linajikunja au nguo inakunjamana. Legeza tensheni, punguza mbano, ongeza urefu wa mshono. Uzi wa nailoni huvutika wakati wa kushona kisha hurudi. Ukikunjamana na nailoni, jaribu poliesta kabla hujagusa kitu kingine.

Kitambaa hakisogei, au kinasogea upande. Meno yana vumbi, yamelika, au springi ya mguu mmoja imechoka.

Mafuta yanachafua nguo. Umetia mengi. Futa, shona vipande chakavu mpaka visitoke na doa.

Lupa, kama hakuna njia nyingine

Umebadilisha sindano, umepitisha uzi upya, uzi ni mwembamba, mbano uko sawa, mota inazunguka vizuri, na bado haishiki. Sasa unaweza kuitazama lupa. Chomoa waya.

Piga picha kwa simu kutoka pembe mbili. Chora alama kwa kalamu ya chuma au wino kwenye lupa na kwenye kishikio chake, mstari mmoja unaovuka vyote viwili, ili uweze kuirudisha ilipokuwa. Bila alama hiyo usifungue.

Zungusha gurudumu taratibu ukimulika tochi. Ncha ya lupa inatakiwa kuingia kati ya sindano na uzi, karibu sana na sindano, nafasi ya karatasi nyembamba, lakini isiiguse popote katika mzunguko mzima. Ikigusa, utaona mng'aro mahali inaposuguana au utasikia mkwaruzo. Ikiwa mbali, inakosa kitanzi. Legeza skrubu kiasi tu cha kuiwezesha kusogea kwa kugongwa kidogo, isogeze, kaza, zungusha tena. Hakikisha inapoleta kitanzi upande wa pili nako sindano inaingia kwenye kitanzi bila kuligonga jino lolote. Ukiipata upande mmoja na kuikosa upande mwingine, lupa yenyewe imepinda na inahitaji kubadilishwa.

Ukiamua kumwita fundi wa mashine, mwambie dalili, namba ya mashine iliyo kwenye kibati, na ulichokwisha kubadilisha kwa mpangilio. Muoneshe kipande ulichoshona kikiwa na uzi wake, pande zote mbili. Kwa kununua kipuri, chukua kile kilichoharibika mkononi. Majina ya vipuri hivi yanatofautiana kutoka duka hadi duka, na lupa mbili zinazofanana kwenye picha ya simu zinaweza kutofautiana urefu wa ncha.